Binti akisusa posho, si deko

Binti wa miaka 15 akimega posho (ugali) mara mbili na kusukuma sahani, utasikia: "Deko hilo, njaa itamfunza." Njaa haimfunzi, inamzidishia hasira. Hisia na mlo huvutana pande zote mbili: huzuni huua hamu ya kula, au humkimbiza kwenye mandazi na soda; naye aliyeshinda bila kula huwa mkali, mchovu, na masomo hayamwingii.

Linalosahaulika zaidi ni madini ya chuma. Kwa sababu ya hedhi, msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 kwa siku, mvulana, 11. Yakipungua, uchovu wake huitwa uvivu. Maharagwe, dodo (mchicha) na mukene (dagaa) vina chuma, ila chai ya kushushia mlo huzuia kisifyonzwe vizuri (ndiyo, hata ya maziwa). Inywewe baada ya saa moja hivi. Mezani weka chungwa au pasheni, husaidia chuma kifyonzwe.

Utani wa unene, acheni kabisa. Huzuni au kususa kukifika wiki 2, akijitapisha, au hedhi ikikatika miezi 3, mpelekeni kituo cha afya. Akitaja kufa, siku hiyo hiyo.