Kiharusi "kidogo" hakikupita

Mwezi huu pekee nimeisikia mara tatu: "Mzee alipata kiharusi kidogo tu, kikapita." Hicho kitenzi, kupita, ndicho kinachonikera.

Kiharusi ni pale damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka, na seli za hapo zikafa. Kikiitwa kidogo maana yake dalili za mwanzo ni chache: mdomo umepinda kiasi, mkono mzito, maneno yanakwama.

Sasa huo udogo unatoka wapi? Madaktari wana kipimo kiitwacho NIHSS, chenye alama 0 hadi 42, na mara nyingi mwenye alama 5 kushuka chini huhesabiwa kuwa na kiharusi kidogo. Mgonjwa anaambiwa inua mkono, inua mguu, fuata kidole kwa macho, taja vitu hivi. Uchovu haupimwi, huzuni haipimwi, na kumbukumbu haichunguzwi kwa kina. Mama anaweza kupata alama 2, akarudi gengeni kwake, akashindwa kurudisha chenji.

Kinachopita kweli ni kiharusi cha mpito: dalili huisha na picha ya ubongo haionyeshi sehemu iliyokufa. Zamani waliangalia tu kama dalili ziliisha ndani ya saa 24. Tangu 2009 wataalamu wa Marekani wanaangalia kama tishu imekufa, hata kama dalili zilidumu nusu saa. Nacho pia ni cha kukimbizwa hospitali, maana kikubwa huweza kufuata.

Karne ya 19, madaktari wa Ufaransa waliopasua ubongo wa marehemu walikuta vishimo vyenye maji pale seli zilipokufa, wakaviita "lacune", neno lililotokana na Kilatini "lacuna", yaani shimo au dimbwi. Leo tunasema lakuna: upana wake milimita 3 hadi 15 hivi, lakini kishimo hicho hakizibiki. Nyuzi za fahamu zilizoanzia hapo huendelea kunyauka kwa wiki na miezi, hata mbali na kishimo chenyewe. Wakati huohuo sehemu nyingine za ubongo hujifunza kushika kazi iliyoachwa, ndiyo maana mazoezi husaidia hata baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mzee akichoka saa nne asubuhi, tafadhali usiseme anajidekeza kwa kuwa kilikuwa kidogo. Sema alipata kiharusi chenye dalili chache, kisha muulize siku hizi kipi kinamshinda.