Mama, goti linauma vipi?

Wateja wengi wa famasi huja na jina la kidonge, ugonjwa wenyewe hawautaji. "Mwanangu, nipe zile za miguu," mama mmoja aliniambia, akanionyesha karatasi tupu ya diklofenaki, dawa ya maumivu. Nilimwamkia, nikamvutia kiti, nikamuuliza: goti linauma vipi?

Nauliza kwa sababu maumivu hayafanani. Goti lake hukaza dakika chache asubuhi, hulegea akishatembea, kisha humsumbua akipanda ngazi. Hapo nafikiria gegedu lililolika, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti. Angekuwa na vidole vilivyovimba mikono yote miwili na kukakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi, ningehofia baridi yabisi na kumhimiza amwone daktari mapema, kabla viungo havijapinda. Naye mwenye kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku anaumwa mishipa ya fahamu. Huyo diklofenaki haimfai, anahitaji dawa kama amitriptilini, ambayo huandikwa na daktari.

Diklofenaki huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Shida ni kwamba kemikali hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Ibuprofeni ni ndugu yake wa tumbo moja, kwa hiyo ukimeza zote mbili hupati nafuu zaidi, unajiongezea madhara tu. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda damu inavuja tumboni.

Nilipomuuliza mama kama anatumia dawa nyingine, alitoa mkobani losartani na kidonge cha kukojosha, vyote vya presha. Moyo ulinishtuka. Losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo. Cha kukojosha hupunguza maji mwilini. Diklofenaki nayo hubana mshipa unaoingiza damu. Zikikutana tatu, chujio hukosa msukumo, na figo zinaweza kuharibika bila mtu kuhisi maumivu yoyote. Nawaomba sana wenye presha: msinunue dawa ya maumivu kabla ya kutaja mnazomeza nyumbani.

Sikumuuzia vidonge vile. Nilimpa diklofenaki ya kupaka, kwa kuwa ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu, na parasetamoli za miligramu 500 kwa siku ngumu. Kwa goti lililolika nafuu ya parasetamoli si kubwa, na mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24, ini litaumia.

Kisha nikamwonyesha zoezi ambalo kwa goti kama lake naliamini kuliko kidonge chochote: kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi tano, shusha polepole, mara kumi kila upande. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Alilifanya pale pale, watu wakisubiri nyuma yake, kisha nikamwandikia kwenye kikaratasi kipimo cha figo cha kwenda kumwomba daktari wake.