Profesa wa siasa anafundisha kesi za nini?

Hili swali ndugu zangu wa Bongo wananiuliza sana, ulisoma siasa wewe, uwakili huna, huko Marekani unafundishaje watu kuendesha kesi? Sababu ni mfumo wao. Huku hakuna kutoka fomu siksi ukaingia LLB, yaani digrii ya sheria, mtu anamaliza kwanza digrii yoyote ya miaka minne ndo aende shule ya sheria miaka mitatu, kwahiyo wanaoutaka uwakili wengi wanajazana idara ya sayansi ya siasa na ukocha wa mahakama ya kuigiza, yaani mashindano ya wanafunzi kuendesha kesi ya kubuni, unatuangukia sisi.

Mashindano yenyewe yanasimamiwa na AMTA (American Mock Trial Association), chama alichoanzisha Richard Calkins wa Drake University, Iowa, mwaka 1985. Sio yale ya kubishana na majaji kuhusu vifungu tu, hapa kuna mashahidi. Kila Agosti inatoka kesi moja ya kubuni nchi nzima, timu inaweka mawakili watatu na mashahidi watatu, wote wanafunzi, na lazima waandae pande zote mbili maana raundi hii unashtaki inayofuata unatetea. Hapo ndo naipenda hii kitu kuliko lekcha, mtoto aliyeapa mshtakiwa ana hatia kesho anamtetea kwa hoja zilezile alizozidharau jana.

Kazi ngumu ni maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili. Wenye A darasani ndo wananisumbua, wanamuuliza shahidi "kwa nini?" Jamani! Ukimuuliza shahidi wa upande wa pili kwa nini umempa maiki, na muda unaokatwa ni wako, dakika 25 kwa mashahidi wote watatu. Tunakaa mpaka usiku tunageuza maswali yawe ya ndiyo au hapana, fupi, jambo moja moja. Na shahidi naye anapewa maksi mpaka kumi kwa kila sehemu yake kama wakili, kwahiyo wanafunzi wa sanaa za maonyesho nawasaka kweli.

Kwenye kupandishwa cheo sasa, wanaangalia utafiti, ufundishaji na huduma, na ukocha mara nyingi unatupwa kwenye huduma pamoja na vikao vya kamati, wikiendi zote za Februari mko barabarani na zinahesabika sawa na kikao! Mi naona ni uonevu. Mhadhiri kijana akiniuliza namwambia kabla hujapata ajira ya kudumu usikubali kwa mdomo tu, waandike kwenye mkataba kwamba timu ni sawa na somo moja, wakupunguzie darasa.