"Bure" ya Windows 11, na tofauti ya sasisho na toleo

Juzi nimemsikia tena fundi akimwambia mteja: "Windows 11 ni bure, hiyo ni apdeti tu." Mama wa watu alikuwa ameshika laptopu yenye stika ya prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5-6200U. Maneno mawili yametumika vibaya hapo, na mwenye laptopu ndiye atakayeumia.

Kuhamia Windows 11 bure maana yake ni hii: mwenye leseni halali ya Windows 10 anaruhusiwa kwenda toleo linalofuata bila kununua leseni nyingine. Basi.

Tuje kwenye apdeti, maana hapa ndipo roho inaponiuma. Kiswahili kina neno lake, sasisho, na limezaliwa na sasa: kusasisha kitu ni kukifanya kiwe cha sasa. Nyumba ni ileile, umebadilisha kitasa kilicholegea. Toleo limetokana na kutoa. Ukienda toleo jipya umehama nyumba. Windows 10 ilipokea masasisho kwa miaka kumi, tangu Julai 2015, na ikabaki kuwa Windows 10. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter, utaona mwenyewe uko nyumba gani. Tofauti hii ina uzito sasa, kwa sababu masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Anayedhani kuhama ni sasisho hukaa akisubiri lije lenyewe, na mashine yake inabaki bila kinga.

Halafu bure. Neno hili tunalitumia kwa maana mbili: bila malipo, na bila sababu au faida, kama tunaposema "amenigombeza bure". Watu wameliongezea maana ya tatu ambayo halina: bila masharti. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha 8. Ile 6 inayofuata kistari kwenye stika ya yule mama inasema kizazi cha 6. Hata angekuwa na leseni safi kabisa, mashine yake haimo.

Leseni nayo haigeuki kwa kuhama. Mwenye leseni ya Home (ya nyumbani) anapata Home, mwenye ya Pro (ya kazini) anapata Pro. Mwaka 2015, watu wa Windows 7 na 8.1 walipopewa mwaka mmoja wa kuhamia Windows 10 bila malipo, hadi 29 Julai 2016, leseni za Enterprise, yaani za mashirika makubwa, hazikuhusika, na Microsoft ilisema wazi kwamba nakala isiyo halali haihalalishwi na kuhama. Aliyehama na Windows ya kukraki alibaki na isiyo halali vilevile.

Kwa hiyo, fundi wangu, kabla hujajibu geuza laptopu usome stika. Kisha mwambie mteja hivi: "Kama Windows 10 yako ina leseni na mashine inakidhi masharti, leseni ya 11 hulipii. Utanilipa mimi kazi ya kuhamisha."