Sonona ya kijana na wakati wa kumpeleka kwa mtaalamu

Aliyesononeka, kwa maana ya kawaida ya neno, ni mtu aliyeumia moyoni, na hakuna mzazi ambaye hajamwona mwanawe akisononeka kwa kufeli mtihani, kwa kufiwa na bibi aliyemlea au kwa kutengwa na rafiki. Wataalamu wa afya ya akili wanapolitumia neno sonona kama jina la ugonjwa wana maana finyu zaidi: ni hali ambayo huzuni, au kukosa raha katika mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, humkaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, ikifuatana na mabadiliko ya usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili na uwezo wa kuzingatia jambo, kiasi cha kuyavuruga maisha yake ya kila siku.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na sonona ni miongoni mwa matatizo yanayoongoza. Hata hivyo, wengi wao hawamfikii mtaalamu, na naamini sababu moja kubwa ni kwamba sonona ya kijana haifanani na picha tuliyo nayo vichwani. Sisi tunatafuta machozi. Kwa kijana, ugonjwa huu mara nyingi huja kwa sura ya hasira: mtoto aliyekuwa mpole anajibu kwa ukali, anakwaruzana na wadogo zake kwa jambo dogo, na anakataa kutumwa dukani kana kwamba ameonewa. Wakubwa wanaiita hali hiyo kiburi au jeuri, wanamwadhibu, naye anazidi kuamini kwamba hafai, jambo ambalo ugonjwa wenyewe ulikuwa ukimwambia tangu awali.

Sura nyingine ni ya maumivu ya mwili. Kijana analalamika kichwa, tumbo au moyo kwenda mbio, anapimwa malaria na taifodi mara mbili tatu, majibu yanaonyesha hana kitu, halafu anaambiwa anadeka ili asiende shule. Maumivu hayo ni ya kweli, na vipimo vile havikuwa upotevu, kwa kuwa upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo unaweza kumchosha na kumfifisha mtu kwa namna inayofanana sana na sonona. Tatizo ni kuishia hapo, bila mtu yeyote kumwuliza analalaje, anakulaje na anawaza nini akiwa peke yake.

Ujana wenyewe huleta mabadiliko, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza atatofautishaje. Kipimo ninachokiona cha kutegemewa zaidi ni kumlinganisha kijana na yeye mwenyewe alivyokuwa, wala si na kaka yake au mtoto wa jirani. Kijana mkimya tangu utotoni ambaye bado ni mkimya hajabadilika. Aliyekuwa kila jioni uwanjani na sasa ana mwezi hajagusa mpira, wala hataki kueleza kwa nini, amebadilika. Usingizi nao unahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele, hivyo kuchelewa kulala na kuamka kwa shida asubuhi ni kawaida ya umri huo. Kuamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi kunakucha, usiku baada ya usiku, ni jambo jingine, na vivyo hivyo kulala mchana kutwa na bado kuamka mchovu.

Mabadiliko ya namna hiyo yakidumu wiki mbili au zaidi, na yakianza kuigusa shule, chakula, usafi wa mwili au uhusiano na watu wa nyumbani, ni wakati wa kumpeleka hospitali. Si lazima familia iwe na hakika kwamba ni sonona, kwa sababu kuthibitisha ugonjwa ni kazi ya mtaalamu.

Yapo mambo ambayo hayangojei wiki mbili wala siku mbili. Kijana akisema anatamani kufa au kwamba nyumbani mngekuwa na nafuu bila yeye, akionekana na majeraha ya kujikata, akigawa vitu anavyovithamini na kuaga watu, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na dawa pamoja na sumu za shambani ziondolewe mahali anapoweza kuzifikia. Wengi huogopa kumwuliza waziwazi kama anawaza kujiua, wakidhani swali litampandia wazo hilo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi swali lililoulizwa kwa utulivu humpa kijana nafasi ya kwanza ya kusema. Hofu ya polisi nayo imezifanya familia nyingi zifiche. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba, na naona uamuzi huo ulistahili kuja mapema zaidi, kwa kuwa mgonjwa anayeogopa kushtakiwa hataomba msaada.

Pa kuanzia ni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, ambako mganga humpima mwili na kuandika rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia. Familia inayotaka kumwombea msikitini au kanisani iendelee kumwombea, ila maombi yasiahirishe safari ya hospitali wala kusimamisha dawa zilizoandikwa. Mzazi aende akijua mabadiliko yalianza lini na nini kilitokea karibu na wakati huo, kisha akubali kutoka chumbani kwa muda, kwa maana yapo mambo ambayo kijana hawezi kuyasema mbele ya baba au mama yake. Tiba ya mazungumzo ndiyo hutangulia kwa vijana wengi. Dawa zikihitajika huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na wiki hizo za mwanzo ndizo za kumwangalia kwa karibu zaidi na kutokosa siku ya kurudi kliniki.