Kupona kwa mshipa wa moyo baada ya stenti

Stenti ni wavu mdogo wa chuma unaotanuliwa kwa puto ndani ya ateri ya moyo iliyobana. Damu ikishapita vizuri, wengi huona mambo yamekwisha, kumbe mshipa ndio kwanza unaanza kupona. Kupona huko ni vijiti vya wavu kufunikwa na tabaka jembamba la seli, kama zile za ukuta wa ndani wa mshipa. Kijiti kilicho wazi huvuta chembe sahani, yaani vile vijichembe vya damu vinavyoanzisha kuganda, damu huganda juu yake, na shambulio la moyo linaweza kutokea upya.

Kasi ya kufunikwa hutegemea sana plaki, yaani ule mrundikano uliobana mshipa. Plaki ya nyuzinyuzi haina taabu kubwa, kwa sababu ina seli hai za misuli laini zinazoweza kutambaa juu ya vijiti.

Ya kuhofia zaidi ni plaki laini, yenye kiini cha mafuta na seli zilizokufa. Ngozi yake huweza kuwa nyembamba chini ya mikromita 65, na kupasuka kwake ndiko mara nyingi huleta shambulio la moyo. Vijiti vikizama kwenye kiini hicho, jirani hakuna seli za kuvifunika. Tena dawa zinazopakwa kwenye stenti, mfano sirolimasi, huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hunasa humo na kuendelea kuzuia seli zisizaliane. Dawa hiyo imewekwa ili kovu lisizibe mshipa tena, lakini hapa inachelewesha hata kovu linalohitajika. Na bonge la damu lililobanwa nyuma ya stenti likiyeyuka baadaye, chuma hubaki kikielea mbali na ukuta.

Plaki yenye kalisi nyingi hukataa kutanuka, stenti ikafunguka nusunusu. Ndiyo maana daktari huanza kuisaga au kuipasua kwa mawimbi ya mshtuko.

Kwa hiyo dawa mbili za kuzuia chembe sahani zisigandane, aspirini na mwenzake kama klopidogreli, kwa kawaida hutumiwa pamoja miezi 6 kwa ugonjwa uliotulia, na 12 baada ya shambulio. Daktari hufupisha au kurefusha akipima hatari ya kutokwa damu. Kifua kutouma hakuonyeshi kama vijiti vimefunikwa. Tafadhali, usiache vidonge hivyo bila kumuuliza daktari wako wa moyo, hata kama unakwenda kung'oa jino.