Rangi Imekolea, Shida Je?

Wiki iliyopita nimeyasikia tena. Safari hii ilikuwa semina ya siku mbili kwenye ukumbi mmoja Njiro, chai na sambusa, na ukutani projekta imetupa ramani ya Mkoa wa Arusha iliyopakwa nyekundu. Mtoa mada akaelekeza leza yake pale Jijini, palipokolea kuliko kote, akasema, "Kama mnavyoona wenyewe, tatizo la wanafunzi kuacha shule liko mjini." Vichwa vikaitikia. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, jirani na chupa za chai, nikajisemea: jamani, hata leo?

Hatujaona chochote. Tulichoona ni kwamba mjini kuna watu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 617,631 Jiji la Arusha na 175,915 Longido. Ukihesabu kitu chochote kinachofuatana na binadamu, iwe walioacha shule, wenye pikipiki, wenye mapacha au walioibiwa simu, Jiji litaongoza, na rangi itakolea palepale. Ramani hiyo ukiichora mara kumi kwa mada kumi utapata ramani moja yenye vichwa vya habari kumi.

Ramani ya namna ile, ya kuchukua mipaka ya kiutawala na kulipaka kila eneo rangi kulingana na thamani yake, ndiyo koropleti. Haipakwi idadi ghafi. Inapakwa uwiano: asilimia, visa kwa kila watu 1,000, watu kwa kilomita ya mraba. Wala hili si jambo la juzi lililokuja na kompyuta. Charles Dupin, Mfaransa aliyechora koropleti ya kwanza tunayoijua, mwaka 1826, alikuwa akionyesha elimu nchini kwake, na hakupaka idadi ya wanafunzi. Alipaka idadi ya wakazi kwa kila mtoto wa kiume aliyeko shuleni. Aligawanya, na ni karibu miaka 200 sasa.

"Sawa mtaalamu, basi gawanya tukamilishe." Hapo ndipo ninapochoka, kwa sababu swali zima ni nigawanye kwa nini. Walioacha shule ukiwagawanya kwa wakazi wote, unawaingiza vichanga na babu zao. Nigawanye kwa walioandikishwa? Afadhali, lakini mtoto ambaye hakuwahi kuandikishwa hawezi kuacha shule. Kata ambayo watoto wengi wanachunga ng'ombe tangu wadogo bila jina kwenye rejista inaweza kutoka nyeupe pee, ikaonekana mfano wa kuigwa. Na aliyehama na familia kufuata malisho, akaandikishwa kwingine, huenda kule alikotoka bado anasomeka kama mtoro. Kigawanyo ni maamuzi, na ramani haimwonyeshi msomaji maamuzi hayo hata kidogo. Inamwonyesha nyekundu.

Halafu kuna ukubwa wa eneo. Wilaya ya Ngorongoro ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000, na watu 273,549. Hawafiki hata 20 kwa kilomita moja ya mraba. Jiji halifiki kilomita za mraba 300, na kwenye karatasi ya A4 ni kama punje ya maharage. Hata ukigawanya vizuri, jicho linafuata wino, na wino mwingi uko Ngorongoro. Ukiipaka rangi iliyoiva, mkoa mzima unaonekana umeungua. Ukiipaka hafifu, mkoa uko salama. Watu wenyewe hujawagusa.

Na madaraja, yaani makundi ya namba ambayo kila moja linapewa rangi yake? Chukua watu wa halmashauri zetu saba, gawanya pengo lililopo kati ya idadi ndogo kabisa na kubwa kabisa katika madaraja matano sawasawa. Longido na Monduli daraja la kwanza. Ngorongoro, Karatu na Meru la pili. La tatu tupu, halina mtu. Halmashauri ya Arusha la nne, Jiji la tano. Sasa weka mpaka mwenyewe kwenye 275,000. Ngorongoro inabaki chini, Karatu yenye 280,454 inapanda, na wilaya mbili zilizopishana watu wasiofika 7,000 zinaonekana kama usiku na mchana. Programu inakupa njia ya Jenks, ile inayotafuta mapengo ya asili kwenye takwimu, na vitabu vinaisifu. Mimi naitumia, halafu naangalia, halafu (nakiri) nasogeza mipaka kwa mkono hadi ifanane na ninachokijua. Huo ni utaalamu au ni uchakachuaji? Siku nyingine sijui nijibu nini.

Rangi nazipita haraka: hafifu kwenda iliyoiva, rangi moja, basi. Anayetaka kijani na nyekundu aipeleke kwanza kwa mtu wa fotokopi, aone vyote vinavyorudi kijivu.

Ukitaka kuonyesha idadi yenyewe, tumia miduara. Hapa napo watu huharibu. Jiji ni mara tatu na nusu ya Longido, basi mtu anachora duara lenye upana mara tatu na nusu. Eneo la duara hilo ni mara kumi na mbili! Unachukua kipeuo cha pili: upana uwe karibu mara 1.9. Na hata ukipatia, macho ya watu huyapunja maduara makubwa, ndiyo maana wapo wanaoyaongeza kidogo makusudi. Mimi siongezi. Shida yangu nyingine ni kwamba Halmashauri ya Arusha imelizunguka Jiji kama ngata, kwa hiyo duara la Jiji linaimeza jirani yake.

Nukta nazipenda kuliko zote, nukta moja kwa watu 500, tuseme. Ila kumbuka programu inazitupa ovyo ndani ya mpaka. Niliwahi kupeleka rasimu kwa mzee mmoja wa kijiji huko Ngorongoro, akavaa miwani, akaweka kidole juu ya Ziwa Natron. "Mwanangu, hawa wa hapa ni heroe au ni watu?" Tangu siku ile nakata kwanza ziwa, kreta na msitu, ndipo nazimwaga nukta kwenye ardhi inayobaki. Mpaka wa msitu nao si mstari, lakini tuishie hapo.

Ramani za mistari inayounganisha sehemu zenye kiasi sawa, kama zile za mvua, ni za vitu vinavyobadilika polepole kutoka sehemu hadi sehemu. Programu inachukua vituo vichache na kujaza katikati. Haijui kwamba Mlima Meru upo, kwamba kusini kunanyesha na nyuma yake kukavu. Na msinipe floridi, ile iliyomo kwenye maji, niichoree mistari. Chemchemi mbili za jirani, moja iko chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, nyingine inatia watoto meno ya kahawia. Katikati yake programu itakuchorea mteremko laini ambao haupo. Kila chemchemi ipewe nukta yake na namba yake.

Sasa nirudi kwa kinachoninyima usingizi: kata ndogo. Tuseme ina wanafunzi 40 na wawili wameacha. Asilimia 5. Mwaka unaofuata wanaacha wawili tena, na familia moja yenye watoto wawili inahama na kusomeka kama walioacha, tayari ni asilimia 10, kata inaruka madaraja mawili na mkutano unaitishwa. Nimejaribu kuunganisha miaka mitatu, nimejaribu kuunganisha kata. Kila dawa inaficha kitu. Siku hizi naipaka rangi yake kisha naichora mistari ya mshazari juu, na kwenye ufunguo naandika: idadi ndogo, soma kwa tahadhari.

Ramani ya mwisho niliyoifanya hivyo ilirudi na swali moja tu la mteja: "Kaka, hiyo mistari ni matuta ya kahawa?"